Sindano Ipi kwa Damu Inayovuja?

MJOMBA: Naona daftari limejaa, umekwama wapi?

SALMA: Wagonjwa wawili wanavuja damu utumboni. Wote wanapewa dawa ya mionzi, teknetiamu-99m, lakini mmoja kwa koloidi ya salfa, mwingine kwa chembe nyekundu za damu yake mwenyewe. Kwa nini?

MJOMBA: Teknetiamu ni taa tu. Uliza nani kaibeba, na atakaa mishipani muda gani. Koloidi hunyakuliwa na ini na bandama. Kila dakika mbili tatu, nusu yake imeshaondoka kwenye damu.

SALMA: Sasa yafaa nini?

MJOMBA: Yafaa damu ikiwa inavuja saa ileile ya sindano. Mishipa husafika upesi, kilichomwagika kikabaki peke yake kinang'aa. Lakini baada ya dakika ishirini hivi huna kitu tena. Na ini linavyowaka, kidonda kilicho karibu nalo hukioni.

SALMA: Na yule ambaye damu hukatika, kisha ikaanza upya?

MJOMBA: Huyo mpe chembe nyekundu. Zinaendelea kuzunguka, nawe unarudia picha hata kufikia saa 24, ingawa nguvu ya teknetiamu hupungua kwa nusu kila saa 6.

SALMA: Inanasaje ndani ya chembe?

MJOMBA: Chumvi ya bati hutangulia kuingia. Perteknetati, yaani teknetiamu yenyewe, ikifuata, bati huibadilisha, ikashikana na himoglobini. Waweza kufanya yote mwilini kwa sindano mbili, au uchote damu uiandae kichupani. Ya kichupani hushika vizuri zaidi, ila hakikisha jina la mgonjwa kabla ya kumrudishia damu.

SALMA: Isiposhika?

MJOMBA: Perteknetati huru huingia mfuko wa tumbo, ikashuka utumboni, ukadhani ni damu. Piga picha ya shingo: tezi ya thairoidi iking'aa, usiiamini picha ya tumbo.

SALMA: Na teknetiamu ikibebwa na albumini je?

MJOMBA: Nayo hukaa kwenye damu, ila hupenya polepole nje ya mishipa, picha ikafifia. Ndiyo maana hata kupima msukumo wa moyo wengi hutumia chembe nyekundu. Kwa huyu wa utumbo, muulize daktari kwanza: damu inatoka sasa hivi?

SALMA: Akisema hajui?

MJOMBA: Andaa chembe nyekundu. Koloidi haisubiri.