Tarakilishi ya Mwanafunzi na Usalama wa Tasnifu

Makala haya yanahusu tarakilishi ya kibinafsi chuoni, hasa ile ya mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika tasnifu. (Wapo waiitao ngamizi, wapo waiitao kompyuta, mjadala huo wa istilahi hauna haja ya kufufuliwa hapa, maadamu virusi havibagui jina.) Aghalabu mwanafunzi huyu huichukulia mashine yake kama taipureta yenye kioo: huiwasha, hupiga chapa, huizima. Anachosahau ni kuwa kilichomo ndani kina thamani kupita mashine yenyewe. Kipakatalishi kikiibwa bwenini, huenda kikanunuliwa kingine. Lakini sauti ya mzee aliyesimulia ngano huko Kilifi, kisha akafariki kabla ya utafiti kukamilika, haiuzwi dukani.

Wanafunzi wa fasihi wanaujua ukweli huu kwa njia nyingine. Muyaka bin Haji alifariki mwaka wa 1840. Mashairi yake yanasomwa hadi leo kwa sababu yalidumu katika kumbukumbu za watu wa Mombasa, Mwalimu Sikujua akayakusanya kwa ushirikiano na W. E. Taylor kabla ya karne hiyo kwisha, na hati zikahifadhiwa London, mbali na yalikotungwa. Watafiti waliofuata, akiwemo Mohamed Abdulaziz aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1979, walipata pa kuanzia. Kazi yenye nakala moja tu imo hatarini, iwe imeandikwa kwa khati za Kiarabu au imo katika diski.

Kwa hivyo, wataalamu wa tarakilishi hupendekeza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Kuwa na tasnifu katika kipakatalishi na katika flashi si kuwa na nakala mbili ikiwa flashi hiyo hulala ndani ya mkoba ule ule. Mwizi wa matatu huchukua mkoba, hachagui. Hifadhi ya mtandaoni hutatua tatizo hili, ila nayo ina hila yake: faili ikifutwa kwenye mashine iliyounganishwa nayo, hufutwa na kule pia. Google Drive, mathalan, huweka kilichofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30 tu.

Flashi inastahili maelezo zaidi. Mnamo 2008 kirusi cha Conficker kilienea ulimwenguni, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kutumia tabia ya Windows ya kuendesha yenyewe programu iliyomo katika flashi. Mwaka wa 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuizima tabia hiyo. Mlango mmoja ulizibwa, ukabaki mwingine, nao ni mkono wa mtumiaji. Mwanafunzi hupeleka flashi kwenye duka la kuchapishia, akirudi huona makabrasha yake yote yamegeuka njia mkato. Akibofya, kabrasha hufunguka kama kawaida, kumbe kirusi nacho kimeendeshwa na kuingia mashine yake. Asiyebofya naye hushikwa na hofu akaifomati flashi. Hili ndilo kosa kubwa zaidi, kwani kwa kawaida faili za asili huwa hazijapotea, zimefichwa tu. Yafaa kwanza flashi ichunguzwe kwa programu ya kukinga virusi, kisha Windows iamriwe kuonyesha faili zilizofichwa. Wenye tahadhari huchukua flashi tupu kwenda kuchapisha, ikiwa na faili moja ya PDF.

Kuhusu programu za wizi, maneno machache yatatosha. Programu inayomtaka mtumiaji azime kinga yake kwanza ndipo isakinishwe imekwisha kujieleza yenyewe. Anayeandika tu hana sababu ya kuiba: LibreOffice hupatikana bila malipo na hutosha kwa tasnifu nzima.

Nywila nayo hupuuzwa. Jina la mwandani au tarehe ya kuzaliwa hukisiwa na mwenzake wa chumbani kwa dakika chache. Sentensi ndefu ya Kiswahili hufaa zaidi, mradi isiwe methali inayojulikana na kila mtu wala mshororo ulio vitabuni. Bora maneno manne au matano yasiyo na uhusiano. Tena, mwenye kutumia mashine ya maktaba asifunge dirisha tu akaenda zake. Sharti atoke kwenye akaunti yake, la sivyo barua pepe zake, na sura alizomtumia msimamizi, zitamsubiri anayefuata kitini.

Na nakala iliyohifadhiwa haina budi kufunguliwa mara kwa mara, angalau kila sura inapokamilika, ikiwezekana kwenye mashine nyingine. Faili isiyofunguka hugunduliwa kwa urahisi mwezi wa Machi kuliko usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.