Somo la Ramani: Maji Yako Wapi?

Ukitazama ramani ya zamani ya jimbo la Oregon, huko Marekani, utaona mistari ya rangi ya kahawia imejipinda kama alama ya dole gumba. Siyo njia hiyo. Kila mstari unapita mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mistari ikibanana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, hapo ni tambarare, ng'ombe wanapita bila taabu.

Mashariki ya Oregon ni nchi ya juu, tena kame. Baadhi ya maji ni theluji ya Mlima Steens, inayoyeyuka na kushuka mpaka Ziwa Malheur. Wapaiute waliishi huko kabla wafugaji Wazungu hawajaja na makundi ya ng'ombe miaka ya 1870.

Wapimaji wa serikali walitembea kilima kwa kilima na meza ndogo ya miguu mitatu, karatasi juu yake, na rula yenye darubini. Maji waliyachora kwa buluu. Mstari mzima ni mto usiokauka, mstari wa vipande ni mto wa msimu. Mfugaji huanza kusoma hapo. Eka elfu bila maji ni vumbi tu!

Lakini ziwa halitulii mahali pamoja. Malheur halina kina kirefu. Wapimaji wa mipaka waliweka mstari wa ufuko, kisha katika ukame wa miaka ya 1880 maji yakarudi nyuma, ardhi nzuri ikabaki wazi. Ya nani? Pete French, mfugaji tajiri, alisema ni yake kwa sababu ufuko ulikuwa wake. Wakulima wadogo wakasema haina mwenyewe, wakajenga. Walishtakiana miaka mingi. Tarehe 26 Desemba 1897, mmoja wa wakulima alimpiga French risasi, akafa.

Basi ukishika ramani ya zamani, tazama kwanza mwaka ulioandikwa pembeni. Penye ziwa mwaka ule huenda leo pana majani.

Sasa hesabu. Ramani nyingi za zamani za huko zina kipimo cha 1:62,500. Maana yake, sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 625 ardhini. Laza uzi juu ya njia, halafu upime uzi huo kwa rula. Kutoka zizini hadi kwenye chemchemi ni sentimita 8. Ng'ombe watatembea kilomita ngapi, kwenda na kurudi?

(Jibu: kilomita 10.)