Urari Katika Kompyuta ya Mbali

Mwaka 1494 mtaalamu wa hisabati Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu kilichoeleza desturi ya wafanyabiashara wa huko ya kuandika kila tendo la fedha mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti. Jumla za pande hizo zisipolingana, kosa limo daftarini.

Siku hizi mwenye duka aweza kutunza daftari lake katika kompyuta iliyo mbali, akiifikia kwa intaneti. Huandika kiasi mara moja tu. Programu hukiingiza pande zote mbili na kujumlisha. Urari hulingana. Je, hesabu ni sahihi?

Tuchukue duka lililouza sukari kwa shilingi 5,400 taslimu, zikaandikwa 4,500. Fedha taslimu zimeongezwa 4,500, na mauzo 4,500. Pande zinalingana, lakini zote zina kosa, na kompyuta haiwezi kulitambua. Jioni fedha za sandukuni zikihesabiwa, huonekana zimezidi kwa shilingi 900.

Kiasi hicho hugawanyika kwa 9. Tarakimu jirani a na b zikibadilishana nafasi, tofauti huwa:

(10a + b) − (10b + a) = 9(a − b)

Basi tofauti igawanyikayo kwa 9 ni dalili, ingawa si thibitisho, kwamba tarakimu zimegeuzwa. Wajibu wa kuhesabu fedha na kuzilinganisha na stakabadhi ungali wa mwenye duka.

Zoezi: Tarakimu za maelfu na za mamia zimegeuzwa, na tofauti ni shilingi 2,700. Tarakimu hizo zapishana kwa ngapi?