Mkwawa Arudi Kwao

1. Mtu akitoka katikati ya mji wa Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, huvuka bonde la Msimbazi na kuingia Magomeni. Barabara hiyo huendelea hata Morogoro, na kutoka huko iko njia iendayo Iringa, nchi ya Wahehe. Watu wa Magomeni huiona kila siku, wengine wakienda sokoni Kariakoo, wengine wakienda kazini. Lakini ni wachache wakumbukao ya kuwa mbali huko, karibu na Iringa, kiko kijiji cha Kalenga, ambako mtu aliyekufa vitani alirudishwa kwao karibu miaka 56 baada ya kufa kwake.

2. Mtu huyo ni Mtwa Mkwawa, mwana wa Munyigumba. Yeye alikuwa mkuu wa Wahehe wakati Wadachi, ndio Wajerumani, walipoanza kuitawala bara. Mwaka 1891 kamanda wao, Emil von Zelewski, aliingia Uhehe pamoja na askari na wapagazi wengi. Tarehe 17 Agosti, walipokuwa wakipita Lugalo kwa mstari mrefu, Wahehe waliojificha majanini na nyuma ya mawe waliwarukia ghafula kwa mikuki. Zelewski akauawa, na watu wengi wa msafara wake wakafa pamoja naye. Wahehe nao walipoteza watu wengi siku ile. Jina la Lugalo halikusahauliwa. Hata leo kambi kubwa ya jeshi katika Dar es Salaam huitwa kwa jina hilo.

3. Wadachi hawakuiacha habari hiyo. Mwezi wa Oktoba 1894 walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa akaponyoka. Kwa muda wa miaka minne alihama pori hata pori, akipigana na kujificha. Wadachi wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa mtu atakayemleta. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno siku zile. Hata hivyo miaka ikapita asipatikane, kwa maana watu wake walimficha na kumpelekea chakula, ingawa wenyewe walikuwa katika taabu na njaa.

4. Mwisho nguvu zilimwishia. Tarehe 19 Julai 1898, mahali paitwapo Mlambalasi, alipokuwa mgonjwa na adui wamekaribia, alijiua kwa bunduki kuliko kukamatwa. Askari waliposikia mlio wakafika, wakamkuta amekwisha kufa. Kichwa chake kikakatwa kikachukuliwa, na baadaye fuvu likapelekwa Udachi.

5. Hapo ndipo msiba wa Wahehe ulipozidi. Kushindwa vitani ni jambo liwapatalo mataifa yote. Leo huyu, kesho yule. Lakini mfu asipozikwa mzima katika nchi ya baba zake, jamaa zake hawana mahali pa kutuliza moyo. Tanga lao haliishi. Wazee walikufa, watoto wakawa wazee, wala kichwa cha mkuu wao hakikuonekana.

6. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa akiisimamia nchi kwa niaba ya Waingereza, aliomba fuvu hilo lirudishwe. Mwaka 1919 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Versailles. Katika sharti la 246 iliandikwa ya kuwa Udachi itoe fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, kisha miaka, na fuvu halikuja. Wadachi walisema hawajui lilipo. Vita ya pili ikaja ikapita, na neno likabaki katika karatasi tu.

7. Hata mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe mpaka nyumba ya makumbusho katika mji wa Bremen. Humo mlikuwa na mafuvu yapata 2,000, na baadhi yake yalitoka Afrika Mashariki. Yakapimwa na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Likapatikana moja lililokaribiana na vipimo hivyo, nalo lilikuwa na tundu la risasi. Wako wataalamu wanaotia shaka kama kweli ndilo lenyewe. Lakini Wahehe walilipokea.

8. Tarehe 19 Juni 1954 umati mkubwa ulikusanyika Kalenga. Gavana alilikabidhi fuvu kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Likawekwa Kalenga penyewe, katika nyumba ya ukumbusho, mahali pale ambapo ngome ilivunjwa. Serikali iliyompiga Mkwawa ilikuwa imekwisha kuondoka. Waingereza nao wakaondoka mwaka 1961. Yeye yupo kwao.

9. Lakini si wote waliorudi. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900, na Songea Mbano, shujaa wa Wangoni, mwaka 1906. Jamaa zao walidai miaka mingi warudishiwe vichwa vyao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta.

10. Tena wako wengine ambao hata majina yao hayajulikani. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, yaani Carrier Corps, walipiga kambi mahali ambapo leo ni soko. Ndiyo asili ya jina la Kariakoo. Watu hao walibeba risasi na vyakula vichwani kwa mamia ya maili. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, wakaachwa njiani. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 inawataja wapagazi wote kwa jumla, wala si mmoja mmoja. Mwaka 2021 tume ya Waingereza itunzayo makaburi ya vita ilikiri ya kuwa watu hao hawakupewa heshima iliyowapasa, ikaomba radhi.

11. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Heshima ya mfu ni deni, na miaka haifuti deni. Mkwawa alikuwa na jina kubwa, na jamaa waliomdai hawakuchoka. Mpagazi hana wa kumdai, ila yeye apitaye Kariakoo akajua jina hilo limetoka wapi.

MANENO
Fuvu: mfupa wa kichwa cha mtu aliyekufa.
Mpagazi: mtu achukuaye mizigo kwa ujira.
Tanga: siku za kukaa matangani kwa ajili ya maiti.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

MASWALI
1. Kwa nini Wadachi hawakumpata Mkwawa upesi, ingawa walitoa zawadi?
2. Sharti la 246 liliagiza nini? Je, lilitimizwa?
3. Fuvu lilitambuliwa kwa njia gani?
4. Eleza asili ya jina la Kariakoo.
5. Waulize wazee wa kwenu: je, yuko mtu wa ukoo aliyekwenda vitani asirudi? Andika jina lake na habari zake.