Hitilafu Zizukazo Baada ya Kubadilisha Maktaba ya Msingi

Katika kompyuta ziendeshwazo na Linux, programu nyingi hazibebi zana zao zote. Kazi za kila siku, kama vile kufungua faili au kunakili habari kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine, huazimwa katika maktaba ya msingi iitwayo glibc. Maktaba hiyo ikibadilishwa, hata programu ambayo haikuguswa yaweza kuharibika.

Kisa cha mwaka 2010 chafaa kuchunguzwa. Watumiaji wa Fedora 14 walisikia sauti yenye mikwaruzo kutoka programu ya Flash, ingawa Flash yenyewe haikubadilishwa. Kilichobadilika ni memcpy, amri ya glibc ya kunakili baiti. Katika baadhi ya prosesa mpya za Intel ilikuwa sasa ikinakili kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ili kuongeza kasi.

Msomaji na afikirie visanduku vitano vyenye herufi A, B, C, D na E. Yatakiwa herufi za visanduku 2 hadi 5 zinakiliwe katika visanduku 1 hadi 4. Anayeanzia mbele atapata B, C, D, E, E, kama ilivyokusudiwa. Anayeanzia nyuma ataandika E juu ya D kabla D haijanakiliwa, kisha E hiyo juu ya C, na kuendelea. Mwishowe visanduku vyote vitakuwa na E. Kompyuta hunakili kwa mafungu makubwa zaidi, lakini madhara ni ya jinsi hiyo.

Kiwango cha lugha ya C hakiruhusu memcpy itumike pale sehemu mbili zinapopandana. Kwa kazi hiyo ipo memmove. Basi kosa lilikuwa la Flash, tena la zamani. Wapo waliotaka shauri liishie hapo. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alipinga, na hoja yake ina uzito: mtumiaji asikiaye mikwaruzo hafaidiki kwa kusomewa kiwango, wala hakuwa na msimbo wa Flash ili ausahihishe.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Programu ya Valgrind hutoa onyo memcpy inapopewa sehemu zinazopandana. Tena, kwa njia ya LD_PRELOAD, maktaba ndogo yenye memcpy ya namna ya zamani hutangulizwa mbele ya glibc kwa programu moja tu. Sauti ikitengemaa, chanzo kimejulikana. Lisilofaa kabisa ni kuifuta glibc mpya kwa mkono ili kurudisha ya zamani, kwani hata amri za ls na cp huitegemea, na mtu aweza kubaki na mashine isiyotii lolote.

Mwaka 2011, toleo la 2.14 lilitenganisha mambo: programu zilizoundwa zamani kwa prosesa za biti 64 za jamii ya x86 ziliitapo memcpy hupewa memmove, na zinazoundwa upya hupewa ile yenye kasi.