Mchoro wa Redio ni Mali ya Nani?

Redio inyamazapo, fundi ana njia mbili: kubahatisha, au kusoma mchoro wa saketi yake. Mchoro kamili huonyesha jinsi rezista, kapasita na transista zilivyounganishwa, na mara nyingi volti zinazotazamiwa. Fundi akipima volti 0 mahali palipoandikwa 4, amekwisha kujua pa kutafuta.

Tuanze na chombo chenyewe. Watengenezaji wengi wa zamani waliubandika mchoro ndani ya kifuniko cha nyuma. Usipoonekana, soma namba zilizochapwa juu ya vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi, yaani saketi unganifu. Karatasi ya maelezo ya kidude hicho, ambayo kwa kawaida kiwanda hutoa bure, huwa na mfano wa saketi unaokaribiana na ule wa redio.

Je, mwalimu aweza kuunakili mchoro wa kiwanda na kuwagawia mafundi? Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 unasema kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala si wazo lenyewe au njia ya utendaji. Kwa hiyo karatasi iliyochorwa na kiwanda ni ya kiwanda, na kuichapa na kuieneza kwahitaji idhini. Bali mtu akifungua redio yake, akazifuata nyaya na kuchora kwa mkono wake, mchoro huo ni wake. Hivyo ndivyo Howard W. Sams alivyofanya huko Indianapolis, Marekani, alipoanzisha Photofact mwaka 1946: vyombo vilifunguliwa, vikapimwa, vikachorwa upya.

Kazi hii yafaa sana darasani. Tumieni redio ya betri, na betri ziondolewe kwanza. Vyombo vya umeme wa nyumbani si vya wanafunzi: volti 230 zikigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufikia 325 hivi, na kapasita yaweza kuzishika hata baada ya plagi kuchomolewa. Mmoja afuate njia za shaba kwa mita, mwenzake achore. Kisha wabadilishane, maana makosa ni mengi mara ya kwanza. Chini ya mchoro waandike modeli, tarehe, majina yao, na maneno haya: "Ruhusa kunakili, mradi wachoraji watajwe."