Mbwa wa Miguu Mitatu

Kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Magomeni, Mtwara, kaniuliza baada ya Misa: daktari wa mifugo amekuta saratani ya mfupa kwenye mguu wa mbele wa mbwa wake, anashauri ukatwe. Nyumbani wanamcheka. "Frateri, kumlilia mbwa ni dhambi?"

Si dhambi. Katekisimu, namba 2416, inasema wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea wema, inawataja Mt. Fransisko wa Asizi na Mt. Filipo Neri. Lakini usiishie hapo, soma na 2418: tusiwatese bure, wala tusiwatumilie pesa ambayo kwanza ingepunguza shida za watu. Kama hela ya upasuaji ndiyo ada ya mdogo wako, jibu unalo, japo linauma.

Kama pesa ipo, jua unalipia nini. Kukata mguu huondoa maumivu, na mbwa wengi hutembea vizuri tu kwa mitatu. Ila mara nyingi saratani hii imeshafika mapafuni kimyakimya. Bila dawa za ziada wengi huishi kama miezi 4 au 5. Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mnyama ana roho inayohisi, si inayofikiri (angalau falsafa yangu imefaa!). Basi mbwa hauhesabu huo mwezi wa 5. Anachojua ni maumivu ya leo. Pima hayo, si hamu yako ya kubaki naye.

Kijana ameenda kuongea na baba yake kuhusu hela.